Mtutu wa Kushoto

Jumamosi, 18 Oktoba

Msimu umefunguliwa leo. Upepo wa kusini, joto la kukera kwa mwezi huu, na mahindi ya watu wengi bado yamesimama shambani. Majogoo wa fezanti, hawa ndege wa porini wa jamii ya kuku, wamo humo ndani wanatucheka.

Tulikwenda watatu kama kila mwaka: mimi, Leland mume wangu, na Merle jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, pamoja na mbwa wetu Tuffy. Wote tunawinda kwa magobori ya mitutu miwili. Watu wa mjini wenye bunduki za kisasa hutupita na pikapu zao wakitupungia mkono kama tuko makumbusho. Waache wapunge. Wao wanajaza risasi bila kufikiri. Sisi tukishapiga, inabidi tusimame, kitako chini, mdomo wa bunduki juu, tuanze upya: baruti, kizibo, marisau, kadi ya kuyazuia yasimwagike, mwisho fataki ya kuwashia. Jogoo mwingine akiruka wakati huo unamtazama tu akienda zake.

Leland alipata mmoja, mimi mmoja. Merle hakupata kitu, maana Merle anawinda kwa mdomo. Sijui mtu huyu anapumua saa ngapi. Leland akianza kushindilia, Merle anamsimamia begani na kumpigia kelele: "Haya bwana, umepiga wa kulia, baruti iende kulia. Mimina, usilale! Kizibo hicho, kisukume. Marisau sasa, unangoja nini, kadi ya harusi?" Mwaka jana alikuwa hivyo hivyo. Zamani alikuwa mtu mkimya, hata mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimlalamikia. Wengine uzee unawapa magonjwa, Merle umempa ulimi.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani. Miguu inauma. Nimeoka kuchen, ile keki yetu ya plamu, Leland kaila yote kabla haijapoa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo Leland alitoa kichekesho. Jogoo mkubwa aliruka karibu kabisa na miguu yake, Leland akalenga, akafyatua, na kilichosikika ni fataki peke yake: tap. Jogoo akaenda zake bila haraka. Leland alikuwa ameshindilia vizibo na marisau bila baruti. Ilibidi tukae kwenye nyasi kuvitoa kimoja kimoja kwa skrubu ya mdeki, ile fimbo ya kushindilia, na ilituchukua muda mrefu kuliko ibada.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Leland hakucheka. Merle alikuwa amerudi nyuma kidogo kwenye miti, mambo ya kibofu, na alipofika na kuona tunafanya nini hakucheka pia. Ndipo nikajua anajisikia vibaya, maana ni kelele zake zilizomchanganya mwenzake asubuhi nzima.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua.

Jumamosi, 1 Novemba

Theluji kidogo, imeyeyuka kabla ya mchana. Kombaini zimemaliza kuvuna upande wa mashariki. Tulipata majogoo watatu. Leland alimwita Tuffy "Sailor" mara mbili. Sailor, mbwa wetu wa awali, alikufa zamani, binti yetu Janelle akiwa bado shule. Tuffy aliitika tu, mbwa hana makuu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimegombana na Merle, na sijutii.

Tulipanga hivi: Merle asimame mwisho wa shamba kuzuia, mimi na Leland tutembee na Tuffy kuwasukuma ndege kwake. Ndivyo tunavyofanya kila siku kwenye kipande kile. Katikati ya shamba Leland alipiga, akakosa, akashindilia. Alipoinamisha bunduki ili aendelee kutembea, nikasikia kama mtu anamwaga mchele. Marisau yote yalikuwa yanatoka mdomoni mwa bunduki na kudondoka kwenye viatu vyake. Hakuweka kadi ya juu.

"Leland!"

"Nimeona," akasema.

"Umeona baada ya kumwagika."

Alikuwa anayatazama marisau kama mtu aliyeangusha sahani ya ugenini.

Mtu huyu alinifundisha mimi kushindilia gobori kabla hatujaoana. Alikuwa akifanya kazi hiyo huku akitembea, bila kutazama mikono. Kwa hiyo tulipofika kwenye pikapu nilimvaa Merle.

"Kelele zako hizi zinamharibu mume wangu. Mtu hawezi kufikiri. Umemjaza maneno kichwani mpaka hata ukiwa mbali bado anakusikia."

"Shemeji, mimi nilikuwa kule mwisho."

"Ndiyo nasema. Kule mwisho bado unamsumbua."

Merle akamtazama Leland. Leland akawa anakagua viatu vyake.

"Jumamosi ijayo baki nyumbani," nikamwambia. "Na ile nyingine pia. Acha tuwinde kama watu."

"Shemeji, usifanye hivyo," Merle akasema. Alisema taratibu, bila utani, na hilo lilinikasirisha zaidi. Nilikuwa tayari kwa utani wake.

Njia nzima Leland hakunitetea wala hakumtetea rafiki yake. Wanaume hawa wawili wamejuana tangu wakiwa watoto. Nilitegemea angalau aninunie.

Jumamosi, 15 Novemba

Mimi na Leland peke yetu. Ukimya mtamu, unasikia hata majani ya mahindi yakisuguana. Majogoo waliruka mbele ya Leland mara nne na hakupiga hata mmoja. Anasema jua lilimpiga machoni. Kulikuwa na mawingu.

Jumamosi, 22 Novemba

Hivyo hivyo. Mimi wawili, Leland hajapiga. Karudi na bunduki ikiwa imejaa, na kwa kuwa hatuingizi gobori lililojaa ndani ya nyumba, alifyatua mitutu yote miwili hewani nyuma ya ghala. Nikamwambia angalau angelenga kunguru.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya shukrani. Janelle alikuja kutoka Sioux Falls. Bata mzinga, viazi, boga, kila kitu kilikwenda vizuri. Tukiwa tunaosha vyombo akaniambia, "Mama, baba ameniuliza hali ya barabara mara tatu."

"Barabara ilikuwa na barafu. Mzazi anauliza."

"Kwa maneno yale yale, mama. Na uso ule ule, kama hajawahi kuniuliza."

Nikamwambia akaushe sufuria. Sikuwa mkarimu kwa mwanangu, naandika hapa ili nimpigie simu kesho.

Jumamosi, 29 Novemba

Leland yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu nisipolitanguliza nitashindwa kuandika mengine.

Theluji ilianguka usiku, ikafika juu kidogo ya kifundo cha mguu. Siku nzuri kabisa ya fezanti. Wanakimbilia kwenye matete ya kinamasi na hawataki kuruka mpaka uwakanyage. Tukaingia, mimi kushoto, Leland kulia, Tuffy katikati. Majogoo wawili wakaruka pamoja. Nikampiga wangu. Leland akapiga mtutu wa kulia, akakosa. Nilifurahi kwamba amepiga hata kama amekosa, maana wiki mbili nzima alikuwa anabeba bunduki kama fimbo.

Tukasimama kushindilia. Mimi nikashughulika na langu. Vidole vilikuwa vimeganda na fataki hazishikiki. Sikumtazama. Nilisikia mdeki wake ukipanda na kushuka na nikaona mambo yako sawa.

Tuffy akakaza mkia, dalili kwamba amenusa ndege. Jogoo akatoka kwenye matete mbele ya Leland, akapaa wima. Leland akafyatua wa kushoto.

Mlio haukuwa wa gobori lake. Ninaujua mlio wake kama ninavyoujua mlango wa jikoni kwangu. Huu ulinigonga kifuani. Moshi ukafunika kila kitu, na ulipopungua sikumwona Leland amesimama. Alikuwa chali kwenye theluji, damu mdomoni, kofia iko kwingine. Kitako cha bunduki kilikuwa kimevunjika pale shingoni.

"Leland. Leland. Nisemeshe."

"Nimempata?" akaniuliza.

"Shenzi wewe! Unaona vizuri? Sogeza mkono."

Akausogeza, akapiga kelele. Mdomo ulipasuka, jino moja linacheza, bega limegeuka rangi. Kule zahanati wamesema mfupa haukuvunjika. Mitutu ya bunduki nayo imestahimili. Mtutu mbovu ungepasuka na kuondoka na mkono wake.

Kabla hatujaondoka pale, nilifanya jambo moja. Nilichukua mdeki nikautumbukiza kwenye mtutu wa kulia, ule alioupiga kwanza, ule aliopaswa kuujaza. Mdeki ukashuka mpaka chini kabisa, ukagonga chuma. Mtutu ulikuwa mtupu. Baruti yote, marisau yote, vyote alivishindilia juu ya vile vilivyokuwamo tayari upande wa kushoto.

"Leland, ulijaza upande gani?"

Akatazama mitutu yote miwili. Midomo ilikuwa inatembea. Nilijua anahesabu: baruti, kizibo. Akaishia hapo, akaanza tena: baruti, kizibo.

"Nilijaza," akasema.

Jumapili, 30 Novemba

Sikwenda kanisani. Nilivuka barabara kwenda kwa Merle. Alifungua mlango akiwa na sepetu ya theluji mkononi, na kabla sijasema neno akauliza, "Ameumia sana?"

"Umejuaje?"

"Nilisikia mlio, shemeji. Kutoka hapa. Halafu pikapu yenu ikapita mbio."

Akanitilia kahawa. Jikoni kwake hakuna redio, hakuna televisheni, saa peke yake. Tulikaa, na mtu huyo niliyedhani hawezi kufunga mdomo hakusema kitu mpaka nikaanza mimi. Nikamweleza mtutu wa kushoto. Akaweka kikombe chini.

"Ni mwaka juzi, msimu unakaribia kwisha," akasema. "Tulikuwa wawili tu, wewe ulikuwa na mafua. Alipiga, akaanza kushindilia, akasimama na kichupa cha baruti mkononi. Nikamwambia vipi, umeganda? Akaniambia, Merle, siku hizi napotea katikati. Najua mwanzo, najua mwisho, katikati panazima. Akaniomba niwe naongea."

"Uongee nini?"

"Chochote, ila ndani yake nimtajie. Kulia, kushoto. Baruti, kizibo. Lakini kwa utani, ili usijue. Mimi si mtu wa maneno, shemeji, wewe unanijua. Mwanzoni nilikuwa nafanya mazoezi kwenye pikapu."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Aliniapisha. Alisema Ardis akijua ataificha bunduki."

"Ningeificha kweli."

"Basi ndiyo hivyo."

Sijui nilimkasirikia nani zaidi. Nilimkasirikia Leland kwa kumwambia Merle na si mimi niliyelala naye miaka yote hii. Nilimkasirikia Merle kwa kuitunza siri vizuri kiasi hicho. Kisha nikakumbuka nani alimfukuza, na nani aliniambia usifanye hivyo, na nikalia pale pale juu ya kahawa ya watu. Merle akanipa taulo la sahani. Lilinuka mafuta ya bunduki.

"Nisamehe, shemeji," nikamwambia.

"Kunywa kahawa," akasema.

Ijumaa, 12 Desemba

Daktari wa Aberdeen amelitaja jina la ugonjwa. Leland alimsikiliza kwa adabu, akamwuliza kama na yeye anawinda.

Jumamosi, 13 Desemba

Janelle kwenye simu: "Mama, toeni bunduki nyumbani. Leo. Mpe Merle zote."

Ana haki. Nikamwambia ana haki. Halafu nikaenda sebuleni kumwambia baba yake, kwa sababu sitaki tena mambo ya kufichana.

"Janelle anataka bunduki ziondoke."

"Na wewe?"

"Mimi sitaki kukuzika."

Akafikiri. Siku hizi akifikiri unaona kazi. "Ardis, zitaondoka," akasema. "Najua. Ila usiniondolee nikiwa nimelala. Niache nimalize msimu, niwe nimesimama."

Nikamwambia nitampa jibu. Nikavuka barabara.

Jumapili, 14 Desemba

Tumeafikiana, sisi watatu. Merle atatengeneza kitako kwa gundi na pini za shaba. Mtutu wa kushoto umezibwa kwa mbao, chuchu yake, pale fataki inapokaa, imefunguliwa na iko mfukoni mwangu. Leland atabaki na mtutu mmoja, wa kulia, hakuna cha kuchanganya. Fataki ninashika mimi, na simpi mpaka nimeuona mdeki umesimama kwenye alama inayoonyesha mtutu umejazwa sawasawa. Merle ataongea. Nimemwambia Janelle. Akasema, "Mama, wewe ndiye utakayekuwa pale." Ni kweli, nitakuwa pale.

Jumamosi, 20 Desemba

Leland akatazama bunduki. "Nani kaziba mtutu wangu?"

Nikamweleza ukweli, hatua kwa hatua. Uso ukamshuka. Siku ikaharibika.

Jumamosi, 27 Desemba

Akauliza tena, kana kwamba ni mara ya kwanza. Nikafungua mdomo. Merle akaniwahi. "Panya wamezaa humo, bwana. Shemeji kaona huruma."

Leland akacheka mpaka akakohoa. Kisha akampiga jogoo mbali sana, pigo ambalo mimi nisingelijaribu.

Nimekuwa nikijisifu maisha yangu yote kwamba sisemi uongo. Leo nimemwonea Merle wivu.

Jumamosi, 3 Januari

"Nani kaziba mtutu wangu?"

"Kodi ya serikali," nikasema mimi. "Ukiwa na mitutu miwili unalipa mara mbili."

"Washenzi," akasema Leland. Merle aligeuka upande mwingine, mabega yanacheza.

Jumamosi, 10 Januari

Baridi ya kuua. Hata Tuffy amekataa kutoka.

Jumamosi, 17 Januari

Baridi. Leland amevaa koti na mfuko wa marisau, akakaa nao jikoni asubuhi nzima. Sikumwambia auvue.

Jumamosi, 24 Januari

Tulitoka kidogo. Merle ana kikohozi na sauti imekatika, kwa hiyo leo nimeongea mimi. "Baruti, mume wangu. Imimine yote. Kizibo sasa, kisukume mpaka kikatae. Usinitazame mimi, tazama mikono yako, mimi sina sura mpya." Niliendelea hivyo mpaka kadi. Nilichoka kuliko kutembea. Merle amefanya kazi hii misimu miwili bila kulalamika.

Leland akaniambia, "Ardis, siku hizi unaongea sana."

Jumamosi, 31 Januari

Siku ya mwisho ya msimu. Jua, hakuna upepo, theluji imeshika ukoko unaobeba mbwa lakini haubebi mtu. Tulikwenda kwenye matete yale yale, nilitaka twende pale. Merle amepata sauti yake, na aliitumia.

Tuffy akakaza mkia ukingoni mwa kinamasi. Jogoo akatoka akipiga kelele, rangi zote juani, akakata kuelekea kulia. Leland hakuharakisha. Akainua, akamfuata, akafyatua, na jogoo akaanguka kama jiwe. Tuffy akamleta. Merle akapiga makofi na glovu zake.

Leland akaweka kitako chini. Akachukua kichupa cha baruti. Merle akafungua mdomo, na Leland akainua mkono.

"Ngoja," akasema.

Tukangoja. Alitazama mdomo wa bunduki. Alitazama kichupa. Aligusa mfuko wa marisau, akauacha, akagusa mdeki, akauacha. Mimi nilikuwa nimebana fataki ndani ya glovu mpaka zinanichoma. Nilitaka kusema neno moja tu, baruti, lilikuwa kwenye ulimi. Merle alikuwa ananitazama, na machoni mwake niliona na yeye analo.

"Siioni," Leland akasema. "Hata hatua ile ya kwanza."

"Tunaweza kukutajia," nikamwambia. "Muda bado upo."

"Najua mnaweza. Mmenitajia siku nyingi." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekuambia kwamba kunaanza kuwa giza. "Nilitaka kuona mwenyewe kama ipo. Haipo. Basi."

Akampa Merle kichupa na mfuko wa marisau. Bunduki akanipa mimi, kitako mbele, kama alivyonifundisha. Akamwokota jogoo wake kwa miguu, akamwita Tuffy kwa jina lake, akatangulia kwenda kwenye pikapu. Alifuata nyayo zetu za kuja.

Merle alibeba bunduki zetu zote akaenda nazo kwake. Nimempigia Janelle, nikamwambia zimeondoka. Akauliza baba amesemaje. Nikamwambia amezitoa mwenyewe, akiwa amesimama.

Jogoo nimempika kwa krimu na vitunguu. Leland amekula paja na kidari, akatoa risau moja mdomoni, akaliweka ukingoni mwa sahani na kulitazama.

"Nani kampiga huyu?"

"Wewe."

"Aliteseka?"

"Hapana," nikasema. "Ulimpiga vizuri." Hilo halikuwa na utani wowote ndani yake. Akaniomba viazi.